Mikono Nyuma



Mwezi Mei, katika mtihani wa falsafa ya mtu, tuliulizwa swali ambalo kila aliyepita darasa hilo analijua: ikiwa mtu ni kiumbe chenye akili, tuseme nini juu ya yule ambaye akili yake haikukua? Tulijibu vizuri. Tulimtaja Boethius wa karne ya 6, tukaeleza kwamba kuwa na maumbile ya kiakili ni jambo moja na kuyatumia ni jambo lingine, na kwamba aliyelala usingizi hapotezi utu wake. Jibu lilichukua ukurasa mmoja na nusu, tukapata alama nzuri. Julai tukapelekwa Nachingwea kwa kazi za kichungaji, mafrateri watatu, wote tukiwa na miaka 25 au karibu na hapo. Siku ya kwanza tu tulimpapasa kichwani mwanaume wa miaka 34 tukamwita "mtoto mzuri".

Mama yake tulimpa shikamoo. Yeye hatukumpa.

Aliyetuona ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo aliyesomea elimu maalumu Patandi kule Arusha, ambaye sasa anajitolea katika ukumbi wa parokia. Alitusubiri mpaka watu walipoondoka, akatuambia kwa sauti ya chini: "Wanangu, yule ni kaka yenu. Amewatangulia kuzaliwa, na jandoni amewatangulia. Kesho mwamkieni." Kesho yake tulimwamkia. Alituangalia kwa muda mrefu, halafu akasema "Marahaba" kwa sauti kubwa iliyowafanya akina mama wote wageuke. Mama yake alisema hakumbuki mara ya mwisho mtu kumwamkia mwanawe.

Ukumbi huo hauna kibao chochote mlangoni. Siku nne kwa juma, tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, watu wazima kumi na mmoja wenye ulemavu wa akili huletwa na mama zao, shangazi zao au wadogo zao. Wanakaa kutwa, wanarudi nyumbani. Mdogo kuliko wote ana miaka 19 na mkubwa amevuka 50. Baadhi yao waliwahi kusoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, wengine hawakusoma kabisa. Shule ikiisha hakuna kinachofuata, na mtu anarudi kukaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba mpaka nywele ziote mvi. Ndiyo maana akina mama wa WAWATA na sista mmoja waliuomba ukumbi.

Hapa inafaa kusema neno, kwa sababu hata sisi tulikuwa tukichanganya. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata profesa au padre, na una dawa zake. Ulemavu wa akili huanza utotoni, wakati mtu bado anakua: kwa mmoja umetokana na kuzaliwa akiwa amechoka na kuchelewa kulia, kwa mwingine na homa ya uti wa mgongo, na kwa wengi hakuna anayejua chanzo. Mtu wa namna hiyo anajifunza, ila anajifunza polepole na anahitaji kuonyeshwa mara nyingi. Maneno tuliyokua nayo mitaani, taahira, zezeta, punguani, hayaelezi chochote kati ya hayo. Yanamfunga tu mtu mahali alipo.

Tulikuja na gitaa na nyimbo. Tulidhani kazi yetu itakuwa kuwachangamsha, kuwalisha, kuwanawisha mikono na kusali nao. Kwa juma zima tulifanya hivyo kwa bidii sana. Tulimenya machungwa, tukafunga kamba za viatu, tukashika vikombe. Jioni tulijisikia watakatifu. Ijumaa yule mwalimu akatuita nyuma ya ukumbi, chini ya mwembe. Alisema: "Mnafanya kazi nzuri ya kuwafanya wasiweze." Akatuamuru tusimame mikono ikiwa nyuma, kama watoto wa shule paredini, na tukimwona mtu anahangaika na jambo tuhesabu mpaka kumi kabla ya kuitoa mikono. Tukifika kumi, kwanza tuseme neno. Neno likishindwa, tuonyeshe kwa kidole. Kidole kikishindwa, tuguse kiwiko chake kidogo. Kuushika mkono wake na kuuongoza ni hatua ya mwisho, na kesho yake tujaribu kurudi nyuma hatua moja.

Kuhesabu mpaka kumi huku kaka anapekua tundu la kifungo ni kazi ngumu. Jaribuni nyumbani.

Jioni tulipopata intaneti ya kusuasua ya nyumba ya mapadre tulikuta kwamba alichotufundisha kina historia ndefu. Mwaka 1935 Edgar Doll, mwanasaikolojia wa shule ya Vineland huko New Jersey, Marekani, alitunga kipimo kisichouliza mafumbo wala hesabu, bali kinauliza mtu anafanya nini mwenyewe katika siku yake: je, anakula bila kulishwa, anavaa, anakwenda dukani na kurudi? Baada ya miongo mingi fikra hiyo imeshinda. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unapima uzito wa ulemavu huu kwa stadi za kujimudu, si kwa alama za mtihani wa akili. Wataalamu wanazigawa stadi hizo mara tatu: za kufahamu, kama fedha na saa, za kuishi na watu, kama kusalimia, kungoja zamu na kumkatalia anayetaka kukudhulumu, na za mikono, kama kuoga, kupika na kuteka maji. Ya pili si ndogo. Katika kundi letu kulikuwa na dada aliyekuwa akitoa pesa yake ya maandazi kwa kijana yeyote aliyemchekea, na akina mama walikuwa na hofu kwamba siku moja ataombwa kitu kikubwa kuliko pesa. Kwa hiyo kila asubuhi alifundishwa kusema "Sitaki" kwa nguvu, na sisi ndio tuliotumwa kumwomba ili atukatalie. Mwishoni mwa Julai alikuwa anatukatalia hata tukimwomba chumvi mezani.

Kaka wa miaka 34 alikuwa na shabaha moja. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, angepokea Komunyo ya Kwanza. Katekista alikuwa amemfundisha mwaka mzima mambo mawili: kwamba huu si mkate wa dukani, na kwamba Yesu ndiye anayekuja. Kuna watu parokiani walioguna. Sisi wa falsafa tulikuwa na la kuwajibu, maana Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza katika Summa kwamba mwenye matumizi hafifu ya akili anaweza kuitwa asiye na akili kama vile mwenye macho hafifu anavyoitwa kipofu, na mtu wa namna hiyo, akiwa na ibada kwa kiasi chake, asinyimwe Sakramenti. Nayo Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe katekesi inawafikia wenye ulemavu wa mwili au wa akili kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Ni kweli pia kwamba kanuni ya 99 inamhesabu asiye na matumizi ya akili kuwa kama mtoto mchanga kwa upande wa kuwajibika. Lakini pale wanazungumzia kuwajibika mbele ya sheria. Hawazungumzii vifungo vya shati.

Maana kaka mwenyewe hakuwa akiuliza habari za Thoma. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hiyo atavaa shati jeupe lenye vifungo, na ameamua atalifunga mwenyewe. Tangu azaliwe alikuwa amevalishwa na mama yake.

Shati lina vifungo saba. Mwalimu alimwomba fundi cherehani ashone vifungo vikubwa vya koti kwenye kipande cha kaki, tukaanza hapo. Hakuanza na kifungo cha kwanza. Alianza na mwisho wa kazi: yeye anakiingiza kifungo nusu tunduni, kaka anakivuta upande wa pili, tayari, amemaliza, apongezwe. Akishaweza hilo, anaachiwa hatua ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Kwa njia hiyo kila mara ni yeye anayemaliza, hata kama mwanzoni amefanya kidogo. Tulisoma kwamba Marc Gold, Mmarekani aliyefundisha watu wenye ulemavu mzito wa akili katika miaka ya 1970, aliwafundisha kuunganisha breki za baiskeli zenye vipande zaidi ya kumi kwa kuvunja kazi vipande vipande namna hiyo, na kwamba mwanafunzi aliposhindwa alimtaka mwalimu, si mwanafunzi, abadili njia. Sisi tulibadili njia mara nne. Kaki ilikuwa ngumu, tukatumia kitambaa laini. Kaka alikuwa anaanza na tundu la juu na shati linakwenda upande, tukamfundisha kuanza chini. Wiki tano zilipita. Tarehe 12 Agosti alifunga vifungo vyote saba bila neno wala kidole. Ilimchukua dakika kumi na nane.

Siku ya sikukuu tulikuwa na zamu ya kuwaleta kanisani. Gari la parokia lilichelewa kufika, kwaya ilikwisha kuanza mazoezi, Paroko alikuwa anaangalia saa, na tulipofika nyumbani kwao kaka alikuwa amekaa kitandani kwenye kifungo cha tatu. Mmoja wetu akasema, "Leo tumsaidie tu." Hatutaandika ni nani, kwa sababu wengine wawili hatukumzuia. Tukapiga magoti mbele yake, mikono minne kwa pamoja, na katika muda wa Salamu Maria moja shati lilikuwa limefungwa.

Aliangalia kifuani. Kisha akalishika shati pande zote mbili na kulivuta, na kifungo kimoja kikaruka chini ya kitanda. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuja kanisani na shati wazi, akakaa benchi la nyuma, na wakati wa Komunyo mama yake alipomshika mkono alikataa kusimama. Mama akaenda peke yake. Baada ya Misa alitupita nje ya kanisa, akarudi hatua mbili, akasema: "Frateri, nilikuwa nimempata mtu mzima. Mmenirudishia mtoto."

Kwa wiki mbili kaka hakugusa kifungo. Akiletewa kile kitambaa alikiweka sakafuni na kukikalia.

Nachingwea ni mji uliozaliwa na haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta hapa matrekta kwa ajili ya mradi wa karanga, wakajenga na reli, na hawakuwa na subira ya kuujua udongo wala mvua; mwaka 1951 mradi ukafungwa, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Wazee wa mji wanasimulia habari hiyo huku wakicheka. Tuliposimuliwa mwezi Julai tulicheka nao.

Mwishoni mwa Agosti mama yake kaka alilazwa katika hospitali ya misheni kwa upasuaji, na hapo ndipo lilipojitokeza lile swali ambalo akina mama wote wa ukumbini hulibeba wasilitamke: nikifa, nani atabaki naye? Kwetu Kusini, kwa Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno. Kaka wa huyo mama anaishi Ruangwa, akaja akamchukua mpwa wake kwa bodaboda, na mfuko mmoja wa nguo. Tulidhani jambo limekwisha vizuri.

Katikati ya Septemba, zikiwa zimebaki siku chache turudi seminarini, mwalimu alitutuma Ruangwa kumwona. Tulimkuta amekaa kwenye mkeka. Amevaa fulana. Mjomba, mtu mwema kabisa, aliona mashati yanachukua muda, akamnunulia fulana tatu zisizo na vifungo. Wapwa zake wadogo walikuwa wanamwogesha uani kwa kumwagia ndoo ya maji, amesimama, watu wanapita. Mke wa mjomba aliona haya kuliangalia jambo hilo, na aliona haya zaidi kulisema. Mjomba akatuuliza kwa heshima: "Dada yangu aliniambia anateka maji mwenyewe. Mbona hapa hawezi?"

Tulimfuata kaka hadi kisimani. Alisimama pembeni ya kisima na ndoo yake akitafuta koki. Nachingwea aliteka maji kwenye bomba: unaweka ndoo chini, unafungua, unangoja mpaka mstari mwekundu, unafunga. Ruangwa, kwa mjomba, ni kisima cha kamba. Kwetu hiyo ni tofauti ndogo, kwa sababu tukisikia "maji" akili zetu zinaruka zenyewe kutoka bomba hadi kisima. Yake hairuki. Kila alichojifunza kimeshikamana na mahali alipojifunzia: ukumbi ule, koki ile, sauti ya mwalimu yule. Watoto waliokuwa kisimani walimcheka, naye akacheka pamoja nao, akiwa bado ameshika ndoo tupu.

Tulikaa siku tatu. Mwalimu alikuwa ametuonya tusimfundishe kaka, maana sisi tunaondoka, tuwafundishe wanaobaki. Kwa hiyo tuliwasimamisha mjomba, mkewe na wapwa uani, mikono nyuma, tukawahesabisha mpaka kumi. Mjomba alicheka sana, akauliza kama hayo ndiyo masomo ya upadre. Aliyeelewa haraka kuliko wote ni mpwa wa miaka 14. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kaka akipewa kamba yenye mafundo, na kila fundo likawa mvuto mmoja, anavuta bila kuiachia. Sisi tusingeliwaza hilo. Tulichora picha za kuoga kwa mkaa kwenye ubao wa boksi, tukaubandika bafuni, ndani ya ua wa makuti wenye mlango. Shati jeupe, ambalo kifungo chake kimoja mke wa mjomba alikishona upya kwa uzi mweusi, tuliliacha limetundikwa ukutani. Hatukumwambia alivae.

Ruangwa hakuna ukumbi kama ule wa Nachingwea kwa ajili yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema watu hawa wana haki ya kuishi katika jamii kama wengine. Halmashauri nazo zina asilimia mbili ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Haya ni mambo mema, na tunawaomba waamini wenye nafasi katika ofisi hizo wayakumbuke. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, bafuni, anayeamua kama kaka ataoga au ataogeshwa ni mpwa wa miaka 14.

Likizo ya Desemba tulirudi. Mama alikuwa ametoka hospitalini, ana nafuu lakini hana nguvu za kuishi peke yake, akaamua kuhamia kwa kaka yake Ruangwa. Zilikuwa korosho za mwisho. Tulimkuta kaka chini ya mikorosho na kapu lake, ananyofoa korosho kutoka kwenye bibo, korosho kapuni, bibo pembeni. Kazi hiyo ina hatua tatu tu na haibadiliki toka mti hadi mti, pengine ndiyo sababu anaipenda. Mjomba alisema wiki ya kwanza alikuwa anatupa korosho na kuweka mabibo kapuni, jambo lililowafurahisha sana wapika gongo wa jirani. Sasa anachambua hata zilizooza. Walipopeleka mzigo ghalani na malipo yakapita kwa chama cha msingi, mjomba alimhesabia fungu lake mkononi mbele ya mama yake. Alitaka soda. Zilizobaki mama anamtunzia.

Tulimwamkia. "Marahaba," alisema, kama mtu aliyezoea.

Padre hufika kigangoni kwao mara moja kwa mwezi, na zamu ya mwezi huo iliangukia Dominika ya Nne ya Majilio. Katekista wa kigango alikuwa amezungumza na Padre, na Padre amesema aletwe. Jumapili asubuhi tulikuta shati jeupe halipo ukutani. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigogo nje ya kanisa la kigango, kwa sababu nyumbani muda haukutosha akaamua kumalizia huko. Alikuwa kwenye kifungo cha pili kutoka chini. Ndani kengele ililia, wimbo wa mwanzo ukaanza, watu wakasimama. Kifungo cha tatu kiliingia tundu la nne, shati likajikunja. Alilitazama, akakifungua, akaanza upya.

Mjomba alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango. Tulimwona anasogea nusu hatua, halafu anarudi, na midomo yake inahesabu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa, ameangalia barabarani makusudi. Sisi watatu tulikuwa ukutani, mikono nyuma, na ndani msomaji alikuwa ameanza somo la kwanza.